Ndururu na Mwalimu

Juu ya meza yangu, katika mji wa Marekani ninakofundisha, ipo sarafu ya senti tano. Wamarekani huiita nikeli. Bibi yangu angeiita ndururu. Jina hilo la Kimarekani halisemi kweli yote, kwani nikeli ni robo tu ya sarafu. Robo tatu ni shaba. Jina la madini yenyewe nalo lilizaliwa na lawama. Wachimbaji wa Kijerumani walipata mawe yenye sura ya shaba, wakayayeyusha wasipate shaba, wakamlaumu pepo mtundu aitwaye Nickel. Mwaka 1751 Axel Fredrik Cronstedt wa Sweden alitenga humo madini mapya. Mawe hayakuwa yamemdanganya mtu. Walioyashika ndio waliotafuta kisichokuwamo.

Aristotle alifundisha kwamba pesa haina thamani kwa maumbile bali kwa sheria. Ndururu hii inamuunga mkono, kisha inamtia mashakani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kati ya 1942 na 1945, nikeli iliondolewa yote kwa mahitaji ya vita, ikatiwa fedha asilimia 35. Sarafu ikaendelea kuitwa nikeli na kununua kile kile. Hapo chapa ilishinda. Lakini mwaka 2006 bei ya madini ilipanda hata yaliyomo ndani yakazidi senti tano zilizoandikwa juu. Serikali ikapiga marufuku kuiyeyusha, adhabu ikiwa faini hadi dola 10,000 au kifungo hadi miaka mitano. Sheria ilikiri, pasi na kutaka, kwamba chapa inasema pungufu.

Je, tuna wajibu gani kwa mtu ambaye chapa yake inasema pungufu?

Jirani yangu alifundisha hisabati Tanga kwa miaka mingi. Hapa anasukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege, maana vyeti vyake havikutambuliwa. Mtu atasema kila nchi ina haki ya kupima wageni wake. Nakubali, nisingependa kutibiwa na daktari asiyepimwa. Ila haki ya kupima si ruhusa ya kuamini kwamba kisichopimwa hakimo.

Nasema haya nikijishitaki. Mwaka jana tulikuwa na msiba, nami nikapewa kugawa kazi. Yeye nilimwomba apange viti. Hesabu ya michango nilimpa kijana mwenye kazi ya ofisini, ikatuvurugikia kwa siku tatu. Jirani yangu alipanga viti vyote, akanyamaza. Hakuna idara ya uhamiaji iliyonilazimisha. Chapa aliyogongewa na wageni niliisoma mimi, kwa Kiswahili, kati ya watu wetu.

Juzi nilimwendea, nikamwita Mwalimu, nikamwomba radhi. Alicheka, kisha akaniuliza daftari la michango liko wapi.