Ya Musa Bado Hayajaisha: Ajabu Ndogo za Kila Siku Tlawi

Ajabu ndogo ni jambo la kawaida ambalo, likitazamwa kwa makini, humnyamazisha mtu kwa kitambo. Halihitaji safari wala nauli. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa hali hiyo, kushangaa na kustaajabu. Cha kwanza mara nyingi hubeba lawama: mtoto aliyetumwa dukani akachelewa huulizwa alikuwa akishangaa nini huko njiani. Cha pili kina heshima ndani yake. Hata hivyo methali ya ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni humzoeza msikilizaji kungoja makubwa zaidi. Maisha ya kila siku yanataka somo jingine, kwamba hayo ya Musa yenyewe bado hayajatazamwa yakaisha.

Tlawi, jirani na mji wa Mbulu mkoani Manyara, ni mahali pazuri pa kujifunzia somo hilo. Watalii wengi wa kaskazini hupita Bonde la Ufa kwenda Ziwa Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Huku juu kuna ziwa dogo la maji baridi lenye jina hilohilo la Tlawi, vilima, mashamba ya mahindi na maharage, na ng'ombe wanaorudi nyumbani jioni. Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho mwenyeji angemwita jirani aje akione. Ajabu zake ziko ndani ya vitu hivyo hivyo.

Kubwa kuliko zote huchomoza kila asubuhi. Mara mbili kwa mwaka, yapata tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba, jua la mchana hupita juu kabisa ya utosi wa mtu wa Mbulu. Mlingoti wa bendera katika uwanja wa shule hukosa kivuli. Jambo hilo halitokei saa sita kamili. Saa za Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita baharini, na Mbulu iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua huchelewa kufika. Oktoba kivuli hupotea karibu na saa sita na nusu mchana, Machi karibu na saa saba kasorobo. Katika Kiiraqw, looa ni jua, na Mungu wa mapokeo ya Wairaqw huitwa kwa neno hilohilo na kunenwa kwa jinsia ya kike. Wazee waliolitamka waliunganisha mwanga, joto, mavuno na umama katika neno moja, na mwanafunzi anayepima kivuli cha mlingoti analitazama jua lilelile.

Ajabu nyingine iko chini ya udongo. Wakati wa maua, mche wa maharage ukichimbuliwa taratibu, mizizini huonekana vinundu vidogo kama punje za mtama. Kinundu kikipasuliwa kwa ukucha, ndani kina rangi ya waridi inayoelekea wekundu. Humo wanaishi bakteria wanaoichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Wekundu ule hutokana na protini yenye chuma ambayo ni ndugu wa hemoglobini, ile inayofanya damu ya binadamu iwe nyekundu. Kazi zake pia zinafanana, kwani zote mbili hushika oksijeni. Mama anayepalilia maharage yake kati ya mahindi ameshika jembe juu ya kitu chenye undugu na damu iliyomo mkononi mwake.

Maji nayo yana habari yake. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya milimani, kama ule wa Nou, huzama polepole na kutoka chemchemini siku nyingi baadaye, hata kiangazi wakati hakuna wingu. Katika mapokeo ya Wairaqw, chemchemi na vijito ni makao ya neetlaangw, pepo wa majini wanaoheshimiwa na kuogopwa. Anayeeleza kwa miamba na anayeeleza kwa pepo wote wanakubaliana juu ya jambo moja: chemchemi si mahali pa kuchezea.

Kwera, ndege wadogo wa manjano wanaojaza miti kwa kelele, hufuma viota bila mkono wala sindano. Dume huanza na pete ya jani, husimama ndani yake na kufuma kwa mdomo mpaka chumba kikamilike. Jike huja kukagua. Akikikataa, na majani yakaanza kunyauka, dume hukibomoa kiota na kuanza upya.

Hata jina Tlawi ni ajabu ya mdomoni. Sauti ya tl katika Kiiraqw hutokea pumzi inapopasuka kupitia pembeni mwa ulimi. Kiswahili hakina sauti hiyo. Siku ya mnada katika wilaya za Mbulu na Hanang, Mwiraqw, ambaye lugha yake ni ya Kikushi, hupatana bei na Mbarbaig mwenye lugha ya Kiniloti na Mnyaturu mwenye lugha ya Kibantu. Upande wa Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kubofya ulimi haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Ni pachache duniani ambapo koo za lugha zilizo mbali hivyo huuziana mbuzi kwa Kiswahili.

Kinachoyaficha haya ni mazoea. Akili huacha kukitazama kile inachodhani inakijua. Mwaka 2020 Virginia Sturm wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wazee waliotembea dakika 15 kila wiki kwa wiki nane. Kundi moja lilitembea tu; jingine lilitembea likitafuta cha kustaajabisha, na wote walijipiga picha njiani. Wiki zilivyosonga, watu wa kundi la pili walionekana wadogo zaidi katika picha zao, mandhari ikichukua nafasi kubwa zaidi, na tabasamu zao zikakua.

Matokeo hayo yanagusa thamani ya jambo lenyewe. Anayestaajabu hujipunguza kwa hiari, na nafasi anayoiacha huingiwa na ziwa, ndege na jirani. Mtu hukitunza anachokiona: aliyewahi kusimama kwenye chemchemi akafikiri maji yametoka wapi hataikatia miti kwa urahisi.

Zoezi lake ni jepesi: kusimama, kuuliza sababu, kisha kumsimulia mwingine. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni wa kwanza katika kila nyumba ni mtoto. Akiuliza kwa nini mlingoti hauna kivuli, anayetoka naye uwanjani kutazama huona kitu alichokuwa akikipita miaka yote.