Uso Wako Ndio Kipande Chako

Tuliporudi ofisini baada ya Corona, mabadiliko ya kwanza katika majengo mengi ya Nairobi yalikuwa mlangoni. Viti vilikuwa vilevile vya kuumiza mgongo na intaneti ilikuwa bado inakwama mkutano ukianza kunoga. Lakini mlangoni kulikuwa na mashine mpya. Ile ya zamani ilitaka kidole, na kuanzia Machi 2020 hakuna aliyetaka kugusa kitu kilichoguswa na watu mia moja. Hii mpya haiguswi. Unasimama, inakuangalia, taa ya kijani inawaka, unaingia. Safi kabisa.

Kwa afya, sina neno. Swali langu ni la kimaadili. Mwajiri akinunua saa zako nane kwa siku, je, amenunua pia sura yako kuwa ushahidi kwamba ulikuwepo?

Kumbuka kwanza tulikotoka. Bosi alitutuma nyumbani kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Wale wenye kazi za kompyuta tulizifanya kwa stima yetu na bando letu, laptopu juu ya meza ya kulia, redio ya jirani ikipiga ukutani. Ripoti zilitumwa. Wateja walijibiwa. Hesabu za mwisho wa mwezi zilifungwa. Hakuna aliyejua kama nimevaa suruali, na kazi ilienda. Tusijisahau lakini: soja, msafishaji na mhudumu wa chai hawakupewa hiyo nafasi. Wao ama waliendelea kuja, ama walikaa nyumbani bila mshahara.

Kwa hiyo kwa muda fulani, watu waliaminiwa. Kwa lazima, sawa, lakini waliaminiwa. Na imani ni kitu cha ajabu kidogo. Inakuwepo pale tu ambapo mtu ana nafasi ya kukuangusha. Fikiria mama mboga wa mtaani kwako. Anakuandika kwenye daftari, unabeba sukuma na nyanya, utalipa mwisho wa mwezi. Unaweza kuhama keja usiku na usimlipe. Anajua hivyo, na bado anakupa. Sasa tuseme angekuwa na njia ya kukata pesa moja kwa moja kwenye simu yako kila ukishika nyanya. Biashara yake ingekuwa salama zaidi, lakini tusingesema tena kwamba anakuamini. Na wewe ukilipa, hakuna ambaye angekuita mwaminifu. Ungekuwa tu umekatwa.

Mashine ya mlangoni inafanya hivyo hivyo. Inaziba nafasi ya kudanganya, na ikiiziba hiyo, inaondoa pia nafasi ya mtu kuonekana mwaminifu. Ukifika saa mbili kamili kila siku kwa miaka mitano, rekodi itasema mashine ilifanya kazi vizuri.

Lakini upande wa pili una hoja, na si hoja ndogo. Kila mtu anajua mchezo wa kusainiana: Otis ako kwa jam, ama hata hajatoka kitandani, na rafiki yake anamsainia kitabuni. Anayebeba mzigo wa Otis ni mwenzake anayefika mapema. Serikali yetu imelia na wafanyakazi hewa miaka nenda miaka rudi, majina yanayolipwa bila miili. Na msimamizi wa kitabu ana binamu, ana mtu wa kwao, ana wale anaowapenda. Mashine haina kwao. Kwa mtu asiye na godfather ofisini, mashine inaweza kuwa hakimu wa kwanza asiyemuuliza jina la ukoo.

Naikubali hoja hiyo kwa sharti moja: hakimu awahukumu wote. Katika ofisi moja ya Upper Hill nilikofanya kibarua cha miezi mitatu, wakubwa walipanda lifti kutoka maegesho ya chini na hawakuiona ile mashine hata siku moja. Aliyeiona sana ni mama wa usafi, aliyefika kabla ya jua kutoka. Kwenye giza la alfajiri mashine haikumtambua. Alirudi nyuma, akasogea mbele, akavua kilemba, akajaribu tena. Ikimkubali, saa ilishasonga, na mwisho wa mwezi dakika hizo zilikatwa kwenye mshahara wake. Aliyekatwa alikuwa ndiye aliyefika kabla yetu sote.

Hilo halishangazi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea karibu asilimia 35. Kukisia jinsia si sawa na kutambua mtu, lakini somo ni lilelile: chombo kinaona vizuri nyuso kilizofundishwa nazo. Ukikinunua bila kukijaribu kwa watu wako, unahamishia gharama ya makosa yake kwa mtu wa chini kabisa.

Na sisi tuna historia na mambo haya. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande. Kilikuwa na jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Bila saini ya mwajiri, ukiondoka kazini unahesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi hapa Nairobi.

Sisemi bosi wako ni mkoloni. Leo unaweza kuacha kazi bila kufungwa. Ila wazo ni la ukoo mmoja: kwamba mwili wa mfanyakazi lazima uthibitishe kile ambacho neno lake haliwezi. Tofauti ni kwamba kipande cha chuma ungeweza kukivua ukifika nyumbani.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka data za mwili kwenye kundi la data nyeti, na inasema ridhaa lazima itolewe kwa hiari. Lakini hiari gani unayo ukipewa fomu siku ya kwanza kazini, kodi ya nyumba ikikungoja? Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kukataa uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Mama wa usafi hakuambiwa.

Halafu kuna jambo la saa. Mashine inajua ulifika saa mbili na dakika tatu. Haijui ulijibu ujumbe wa bosi kwenye WhatsApp saa nne usiku. Mswada ulioletwa Seneti na Samson Cherargei mwaka 2022 ulitaka mfanyakazi awe na haki ya kutojibu nje ya saa za kazi, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Yaani dakika tatu za asubuhi ni wizi, ila saa mbili za usiku ni kujituma. Mizani inayopima upande mmoja, hata mama mboga angeitupa.

Kwa hivyo jibu langu ni hapana. Ukilipwa kwa saa nane, unadaiwa saa nane na kazi iliyomo ndani yake. Kuthibitisha hayo, kadi inatosha, na msimamizi anayejua kazi ya watu wake anatosha zaidi. Ofisi ikishikilia kwamba lazima iwe uso, iulizwe: Mkurugenzi naye anasimama hapo? Saa za usiku zinahesabiwa? Mashine ikikosea, nani anarudisha pesa? Na nikiacha kazi, uso wangu unafutwa lini?

Usiulize peke yako, bana. Ulizeni mkiwa wengi, na yule mama wa usafi awe wa kwanza kuongea.