Jicho Linapoutolea Moyo Ushahidi

Ndugu zangu, katika Suratu Fussilat tunafundishwa kwamba Siku ya Kiyama masikio, macho na ngozi vitatoa ushahidi juu ya wenyewe. Leo nina neno kuhusu ushahidi ambao jicho linautoa hapa hapa duniani, nasi hatuendi kuusikiliza.

Wenye kisukari humu msikitini tunajuana. Yupo anayepapasa ukuta akishuka kwenda kutawadha Alfajiri. Yupo aliyebadilisha miwani na bado anausogeza Msahafu mpaka karibu na pua. Tunasema ni uzee. Huenda ni uzee, huenda ni mtoto wa jicho. Lakini huenda pia ni sukari iliyokaa kwenye damu miaka mingi, ikizila kuta za mishipa midogo ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Mishipa ile huvimba vidoa vidoa, huvuja, mingine huziba. Sehemu iliyokosa damu huotesha mishipa mipya, nayo ni dhaifu. Ikipasuka, damu inamwagika ndani ya jicho na mtu anaamka haoni. Na mwanzo wake hauumi wala haupunguzi nuru. Mtu anamaliza Yasini bila kukosea herufi, na huku ndani mambo yameshaharibika.

Moyo unaingiaje hapa? Nyuma ya jicho ndipo daktari anapoweza kuitazama mishipa ya damu ya mtu aliye hai bila kumpasua popote. Na damu inayopita pale ndiyo inayopita moyoni: sukari ile ile, presha ile ile, mafuta yale yale. Jicho haliuambukizi moyo maradhi. Vyote viwili vinaliwa na adui mmoja. Ndiyo maana mwenye kisukari ambaye retina yake imeharibika yuko katika hatari zaidi ya kupata shambulio la moyo au kiharusi kuliko mwenzake ambaye retina yake ni nzima. Na moyo wa mgonjwa wa sukari unaweza kushambuliwa kimyakimya, kwa sababu mishipa yake ya fahamu nayo imechoka. Kifua hakibani. Anatoka jasho tu, pumzi inakatika, anaishiwa nguvu, halafu anasema ni chakula cha jana.

Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa wa kisukari wenye presha, waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Wale ambao presha yao ilidhibitiwa barabara, kuharibika kwa retina kulipungua kwa asilimia 34 kuliko kwa wenzao, na moyo kushindwa kufanya kazi kulipungua kwa asilimia 56. Hawakupewa dawa moja ya macho na nyingine ya moyo. Ni vidonge vya presha, hivi hivi ambavyo baadhi yetu tunaviacha tukijisikia nafuu.

Na asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya wazungu. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafii, haya haya ya wengi wetu wa pwani, na alikuwa tabibu. Yeye ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapitia mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Na huyo huyo aliandika kitabu kizima cha tiba ya macho. Faqihi wetu alishughulika na vyote viwili. Sisi hata kadi ya kliniki tumeitupa juu ya kabati.

Wapo watakaonijibu kwa Hadithi Qudsi ya mja aliyenyang'anywa macho yake akasubiri, akaahidiwa Pepo. Ni haki, na ni faraja kubwa kwa ndugu zetu wasioona. Lakini subira ni ya aliyefikwa na mtihani, si ya aliyeitwa kupimwa akakataa. Mtume aliyetufikishia bishara hiyo ndiye aliyetuamrisha kujitibu.

Basi mwenye kisukari akapimwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Kupimwa kwenye duka la miwani usome herufi ukutani hakutoshi. Sema wazi kwamba una sukari na unataka retina itazamwe. Ukiambiwa imeguswa, usiishie kwenye mionzi ya leza au sindano ya jicho. Muulize daktari: na moyo wangu? Presha yangu, mafuta, figo? Na sigara uiache leo, maana haina rafiki kati ya hao wote.

Akina mama mlio juu, nanyi nina ombi kwenu kabla ya Ramadhani. Kaimati zinazoelea kwenye shira, tambi za sukari, uji mtamu na juisi juu yake, vyote katika sinia moja, mbele ya mzee mwenye kisukari aliyefunga tangu Alfajiri! Tunamlisha kwa nia ya thawabu. Mpeni tende moja na maji, kisha chakula cha kawaida, na shira ikae mbali na mkono wake. Naye, kabla ya kufunga, amuone daktari wake kuhusu dawa.

Nanyi vijana mliokaa nyuma: mzee akipewa tarehe ya kupimwa macho, mpelekeni. Atatiwa matone ya kupanua mboni, ataona ukungu kwa saa kadhaa na jua litamchoma macho, kwa hiyo hawezi kurudi nyumbani peke yake. Mkitoka hapa leo, kila mmoja amuulize wake mara ya mwisho alipimwa lini.