Khiyana katika Kipimo cha Damu

Mtu akitolewa damu ikapelekwa maabara, hana njia ya kujua kama jawabu atakaloletewa ni la kweli. Dukani aweza kuitazama mizani kwa macho yake. Huku haoni cho chote. Basi dhima ya jawabu lile ni ya nani: ya mtambo uliopima, ya kompyuta iliyoandika, au ya mtu aliyesimamia?

Wataalamu waliiona hatari hii zamani. Mwaka 1950 Levey na Jennings, wa Marekani, walionyesha namna ya kutia majibu ya majaribio katika mchoro wenye mistari ya mipaka. Siku hizi mtambo hupimishwa kwanza kitu ambacho kiasi chake chajulikana, na nukta ikitoka nje ya mipaka, majibu ya wagonjwa huzuiwa. Mwaka 1981 Westgard na wenzake wakazidisha kanuni, kama kwamba nukta kumi zikifuatana upande mmoja wa wastani, mtambo washukiwa hata kama hazijavuka mpaka. Leo kompyuta huzihesabu nukta hizo yenyewe, na huandika ni nani aliyebadili jawabu na saa ngapi. Ni neema kubwa, kwani jicho la mwanadamu huchoka.

Lakini hapa ndipo watu hughurika, wakadhani amana imekwisha kuhamia ndani ya kompyuta. Katika kesi ya kampuni ya Theranos, huko Marekani, Erika Cheung aliyefanya kazi katika maabara yake alishuhudia mahakamani mwaka 2021 kwamba mtambo uliposhindwa jaribio, hesabu zilizokwenda kombo ziliondolewa ili zilizobaki zipite. Mwaka 2016 kampuni ilikuwa imekwisha kuyabatilisha majibu ya mitambo yake ya Edison ya miaka miwili. Januari 2022 Elizabeth Holmes, mwenye kuiasisi, alitiwa hatiani kwa kuwadanganya waliotia mali yao. Kwa mashtaka ya kuwadanganya wagonjwa hakutiwa. Mahakama ina njia zake za ushahidi, wala hatuipingi. Ila twaona jinsi mali ilivyopata wa kuitetea upesi kuliko damu.

Huenda mtu akasema: kurudia jaribio si kosa. Naam, si kosa kwa aliyeitafuta ila akaiondoa. Ama mwenye kurudia na kurudia mpaka nukta iingie mipakani, huyo ni kama muuza mchele apimaye mpaka mizani imkubalie.

Tena liko ambalo kompyuta hailioni kabisa. Damu ya Ali ikitiwa katika chupa yenye jina la Omari, itapimwa sawasawa na uwongo huo utahifadhiwa vizuri kwa jina la Omari. Makosa mengi ya maabara hutokea kabla chupa haijaufikia mtambo. Kompyuta huweza kushtuka jawabu la leo likiachana sana na la zamani. Lakini mgonjwa mgeni hana la zamani. Ndiyo sababu yatakiwa mgonjwa aulizwe jina alitamke mwenyewe, na chupa iandikwe hapo hapo mbele yake. Nasi tunaotoa mikono yetu tusione haya kuuliza chupa ile imeandikwa jina la nani.