Suluhu ya Urithi na Haki ya Aliyenyamaza

Ni vitu vichache vigombanishavyo watu wa tumbo moja kama mali ya marehemu. Wilayani Karatu, kutoka Rhotia hadi Oldeani, shamba lililopimwa zamani kwa magunia ya ngano na mahindi sasa hutazamwa pia kama kiwanja, maana barabara ya watalii waendao Ngorongoro yapita karibu. Thamani ikipanda, ndugu hukumbuka mipaka. Ndipo wazee huketi, hati ya suluhu huandikwa, na kila mmoja hutia sahihi au dole gumba.

Kupatana ni jambo jema. Lakini yatupasa tuulize: dada au mjane atiapo dole gumba ili ukoo usivunjike, je, amesamehe haki yake, au amenyang'anywa kwa upole?

Hakuna awezaye kusamehe asichojua kuwa ni chake. Nchini Tanzania mirathi huamuliwa kwa sheria za mila, kwa sheria ya Kiislamu, au kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865 iliyoletwa na Waingereza. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililokusanya mila za makabila mengi, liliwaweka mabinti katika daraja la mwisho la warithi. Lakini mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo aweza kuliuza kama awezavyo mwanamume. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yabatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi. Kaka ajuaye hayo akanyamaza kikaoni, hajapatana na dada yake, amemficha.

Wahindu nao wamelijua tatizo hili. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Kale, ilisema mapatano ya jamaa juu ya mali yaheshimiwe, mradi yawe ya nia njema na ya hiari, pasipo hila wala shuruti. Mwaka 2005 sheria yao ilimpa binti fungu sawa na mwana katika mali ya pamoja ya ukoo. Hata hivyo mabinti wengi huko wangali wakitia sahihi hati za kuwaachia kaka zao. Kwa nini? Kwa sababu binti ahofia kwamba akiachwa au akifiwa na mume, hatakuwa na nyumba ya kurudia. Fungu lake ndiyo bei anayolipia mlango wa kaka yake. Je, hiyo ni hiari?

Huenda mtu akasema: "Tukigawa ekari tatu mara saba, nani atalima?" Hoja hiyo ina uzito. Lakini kugawa haki si lazima kukatakata ardhi. Mmoja aweza kulima na kuwalipa wenzake, au shamba likakodishwa na kodi ikagawanywa.

Wala tusidhani kwamba karatasi pekee ndiyo yenye kosa. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo hakiruhusiwi, utajiri wa Mmasai ni mifugo. Ng'ombe hawana hati; neno la wazee ndilo hati. Huko pia swali ni lile lile: nani aliitwa kikaoni, na aliambiwa nini?

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yataja mafungu ya mama, mke na binti waziwazi, baada ya wasia na madeni kutimizwa. Hapo pana hekima kubwa: fungu hutajwa kwanza. Hivyo basi, kabla ya wino kuletwa, mali yote ihesabiwe mbele ya wote, kila mmoja aambiwe fungu lake, na aliye mnyonge apewe siku za kushauriana na amwaminiye. Baada ya hapo, dada akimpa kaka yake, hiyo ni zawadi, naye ashukuriwe. Akikataa, asiitwe mvunja ukoo; mlango ubaki wazi kwake.

Mwenyezi Mungu atujaalie amani isiyojengwa juu ya kimya cha wanyonge. Amin.