Nguvu Ikizidi, Ushujaa Uko Wapi?

Walimu wenzangu, swali ninalolileta mbele yenu sikulipata vitabuni. Nimelipata kwa mpwa wangu. Jioni moja nilimkuta akicheza kwenye simu Final Fantasy Tactics, mchezo uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1997. Ni katika ile michezo ambayo mchezaji huongoza wahusika, akawakuza ngazi kwa ngazi katika safari na vita. Hadithi ikikaribia mwisho, hujiunga naye jemadari mzee aitwaye Orlandeau, ambaye upanga na mbinu zake zawapita wenzake wote. Akiwekwa mbele, vita vingi huwa vyepesi. Mpwa wangu alikuwa akishindwa mara kwa mara, na mzee huyo amemwacha kambini. Nikamwuliza kwa nini hamtumii. Akajibu, "Mjomba, nikimpeleka yeye, mimi nitakuwa nimefanya nini?"

Jibu hilo lataka kupimwa. Katika maisha, akataaye msaada wenye nguvu twamwita mjinga. Mwenye mgonjwa hamtafuti tabibu dhaifu ili apate kujisifu. Kwa nini basi mchezoni kukataa kuonekane kuwa ni heshima? Nadhani ni kwa sababu katika ugonjwa twataka matokeo, bali katika mchezo twataka tendo. Mgonjwa akipona, haidhuru ni nani aliyemponya. Lakini ushindi wa mchezo, ukiuondolea jasho la mchezaji, haubakizi kitu. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Hawakukiahidi kivuli kwa asiyelijua jua.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba ugumu wenyewe ni wema. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa mchezo wa Oblivion. Ili mchezaji asizidi nguvu kupita kiasi, maadui wengi walifanywa wapande ngazi pamoja naye. Ikawa hata wanyang'anyi wa barabarani huja kuonekana wamevaa deraya za thamani kubwa, nao wangali wakidai vipande 100 tu vya dhahabu! Wachezaji wengi walilalamika, na kwa haki. Ikiwa kila nipandapo mlima nao wapanda, kupanda kwangu kuna maana gani?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Shujaa asiyeshindika huliondolea tendo thamani, kwa kuwa lolote alifanyalo litafaulu. Dunia ipandayo nasi huiondolea juhudi thamani, kwa kuwa lolote tufanyalo halibadili hali yetu. Kosa ni lile lile: tendo la mtu halihesabiwi. Wasimulizi wetu wa kale walilitambua hilo. Fumo Liyongo, pamoja na nguvu zake zisizo na mfano, alipewa mahali pamoja pa kufia: kitovuni, kwa sindano ya shaba. Bila sindano ile tungekuwa na maajabu, tusiwe na kisa cha kutuhuzunisha.

Atatokea wa kusema kwamba mchezo wa mtu peke yake haumdhuru yeyote, na aliyechoshwa na kazi ana haki ya kushinda kwa urahisi. Nakubali. Tena, kwa mwenye mikono isiyomtii upesi, daraja iliyo nyepesi kwa wengine ni jasho tosha. Basi kipimo si wingi wa taabu. Kipimo ni kwamba, afanyalo mtu kwa uwezo wake, lilete tofauti.

Kwa kipimo hicho nimejihukumu mwenyewe. Wanafunzi wangu dhaifu niliwapa alama za huruma; huyo ndiye Orlandeau wangu. Waliokuwa hodari, kila walipofaulu niliuongeza ugumu wa zoezi siku ile ile, wasipate hata wiki moja ya kuona kwamba wamepanda. La kwanza nililiita upole, la pili bidii. Yote mawili yaliwanyima ushuhuda wa kazi yao wenyewe.

Siku hizi, mwaka ukiisha, huwarudishia insha yao ya kwanza waisome kando ya ile ya mwisho. Hukaa kimya wakasoma, kisha wengine hucheka.

Mpwa wangu naye alivishinda vita vile siku ya tatu. Mzee alikuwa kambini.