Kikohozi Kisichokoma, na Wajibu wa Kujitibu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani, wengi wenu mna jamaa Eldoret. Wako waliokwenda kwa biashara, wako madereva, na wako vijana waliopelekwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Moi. Mji huo umepanda juu ya bahari kiasi cha mita 2,100, na mtu wa Mombasa au Lamu akifika huko hupigwa na baridi asiyoizoea. Akikohoa husema ni baridi ya bara. Mwezi ukipita husema ni vumbi. Miezi mitatu ikipita husema ana husuda, au ametupiwa kitu. Na katika maneno yote hayo hapana hata moja lililotoka kwa mtu aliyekitazama kifua chake.

Lililonisukuma kuandika ni khabari ya mzee mmoja wa kwetu, aliyekuwa akisali nasi huko na kuhudhuria darsa. Alinijia baada ya Alasiri akaniambia, "Maalim, nisomee, kifua hakinipi usingizi." Nikamsomea. Juma la pili akarudi, nikamsomea tena. Tukaendelea hivyo muda wa miezi miwili, wala sikumuuliza hata mara moja kama makohozi yake yamepimwa. Mimi ambaye kila mwaka huwakataza watu makombe ya kununua na hirizi, sikuona kwamba kwa kunyamaza kwangu nilikuwa nikifanya kazi ile ile ya mganga, ya kumweka mgonjwa kwangu na kumcheleweshea dawa. Kumsomea mgonjwa ni sunna, hapana mwenye elimu anayelikataa hilo. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo aliyewasomea wagonjwa ndiye aliyeulizwa na mabedui kama ni vibaya kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake, isipokuwa uzee. Mwenye kushika nusu ya sunna na kuiacha nusu yake asijidai kuwa ameifuata.

Mwisho alikwenda zahanati, akapewa dawa za kifua kikuu. Akazimeza miezi sita. Kikohozi kikapungua, kisha kikarudi pamoja na damu, na mbavu zake zikawa zahesabika. Safari hii watoto walimpeleka hospitali kubwa. Huko akakutwa na uvimbe katika pafu, na kipande cha nyama kilipokatwa na kupimwa kikaonyesha saratani. Na katika makohozi yake vijidudu vya kifua kikuu vilikuwa vingali hai. Watoto wakauliza, "Ni ugonjwa gani basi kati ya hii miwili?" Wakajibiwa kwamba ni yote miwili.

Jambo hili liliwashangaza, nami lilinishangaza. Twadhani mwili wa mtu ni kama chumba cha kupanga, mpangaji mmoja akiingia mwingine hana nafasi. Sivyo. Kifua kikuu huletwa na kijidudu ambacho Robert Koch alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Wataalamu wa afya wa dunia wakadiria kwamba kiasi cha robo ya watu wanacho kijidudu hiki miilini mwao, kimelala, nao hawana habari, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zinakilinda kisiamke. Ikija saratani, na khasa zikija dawa zake kali, walinzi hao hupungua, na aliyelala huamka. Upande wa pili, kifua kikuu cha zamani huacha makovu katika mapafu, na aliyewahi kuugua yuko karibu zaidi na saratani ya mapafu kuliko asiyeugua. Basi kila mmoja wapo humfungulia mwenziwe mlango.

Tena si kijidudu cha kifua kikuu peke yake. Uvimbe ukiota ndani ya njia ya pumzi huiziba, makohozi hayapati pa kutokea, na nyuma yake vijidudu vya namna nyingine huzaana hata pakawa na usaha. Atazameni mtaro wa mtaa uliozibwa na takataka. Waweza kuyachota maji machafu kila siku, na kila siku yatajaa tena, maadamu kile kilichoziba hakikuondolewa. Ndivyo alivyo yule ambaye homa ya mapafu humrudia mara kwa mara katika pafu lile lile. Hupewa dawa akapata nafuu wiki mbili, ikarudi, akapewa nyingine. Mtu kama huyo haifai apewe chupa ya tatu kabla ya kutafutwa kinachoziba.

Nao hushabihiana mno: kukohoa, kutema damu, kukonda, kutoka jasho usiku. Kwa sababu hiyo madaktari wa Kenya wamekuwa wakieleza kwamba wengi katika wagonjwa wa saratani ya mapafu huanza kwa kumezeshwa dawa za kifua kikuu, na saratani inapojulikana imekwisha enea. Kupambanua magonjwa yanayofanana si bidaa ya Wazungu. Abu Bakr al-Razi, aliyekufa mwaka 925, aliandika kitabu kizima cha kutenga baina ya ndui na surua, kwa kuwa watu wa zama zake walizichanganya. Leo sisi tulio nyuma yake kwa zaidi ya miaka elfu twaridhika kusema "kifua tu."

Wako watakaosema, kama imeandikwa imeandikwa. Hao nawakumbusha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akielekea Sham, akasikia kwamba tauni imeingia huko, akarejea na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kwamba naam, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Umar hakuwa na imani pungufu kuliko yetu.

Basi anayekohoa asingoje zaidi ya wiki mbili bila ya kupeleka makohozi yake yakapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali nchini Kenya, na muda wake kwa kawaida ni miezi sita. Mkojo utageuka mwekundu kama maji ya karoti. Hiyo ni rangi ya dawa, wala si damu. Wako walioogopa wakaziacha kwa ajili hiyo tu. Kama dawa zimemezwa sawasawa na hapana nafuu, arudi na picha zake za zamani mkononi, aulize wazi: je, saratani imetafutwa? Na anayetibiwa saratani akianza kukohoa aulize kinyume chake. Kila daktari aelezwe dawa anazotoa mwenziwe, kwani moja katika dawa za kifua kikuu, iitwayo rifampisini, hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za saratani. Na aliye katika dawa kali za saratani akipata homa ya kufika 38 aende usiku ule ule, asingoje asubuhi, kwani mwili wake hauna walinzi.

Huko Eldoret pa kwenda papo. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya wenyeji, leo ina kliniki ya saratani pamoja na ushirika uitwao AMPATH, na wagonjwa wa magharibi ya Kenya yote huelekea huko.

Sasa niseme la nyumbani, nalo ni chungu. Mzee yule alitengewa kikombe chake na sahani yake, na madirisha ya chumba chake yakafungwa kwa ajili ya baridi. Kifua kikuu hakiambukizi kwa kikombe. Huambukiza kwa hewa iliyofungiwa. Na saratani haiambukizi kabisa. Walimtenga pasipo haja, wakajifungia naye pale palipo na khatari. Khalafu fedha za ile picha kubwa ya kifua, iitwayo siti skani, zilikusanywa kwa wiki tano, huyu akitoa hamsini na yule akiahidi. Fedha za hitima yake zilipatikana kwa siku moja. Mgonjwa asiye na uwezo ni katika mafukara waliotajwa katika aya ya zaka, naye ana haki kwetu akiwa hai. Ama pilau ya msibani, sijaiona katika aya ile.

Ramadhani yake ya mwisho aliniuliza juu ya saumu, akitaka sana kufunga. Nikamwambia kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mgonjwa asiyetarajiwa kupona haimlazimu saumu wala kulipa. Hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, apewe maskini. Hakufurahi, lakini alitii. Kila jioni alikuwa akipima mchele mwenyewe, amekaa kitandani, na dirisha lake safari hii li wazi. Alitoa vibaba ishirini na viwili, akafa. Watoto wakauliza kama wavitoe vilivyobaki, nikawajibu kwamba siku alizokuwa hayuko hazikumlazimu.

Wallahu aalam.